Uliruka Hatua Tano

Windhoek, Jumatano

Kaka Deusi,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, basi. Mimi mzima. Afya yako sikuulizi. Nasikia kwenye mkutano wa kikundi chenu cha wakulima ulikuwa na sauti ya kutosha kunitangaza.

Simu zangu huzipokei, kwa hiyo soma. Karatasi haikatiki kama simu.

Mama alinipigia nikiwa kazini, analia. "Adelina, mwanangu, ni kweli umefuta mashamba ya watu?" Alikuwa amepita sokoni Kanazi, wanachama wawili hawakuitikia salamu yake. Wanaamini mimi ndiye niliyepoteza vipimo vya mipaka yao, maana wewe, katibu wao, uliwaambia, "Mdogo wangu huko Namibia alinipa amri mbaya."

Amri mbaya! Diski yenu ya kumbukumbu ilijaa, ukaniomba msaada. Nikakuandikia hatua saba za kuweka LVM kwenye hiyo kompyuta yenu ya Linux, ili diski ya zamani na mpya ziungane ziwe ghala moja. Nilisema: anza na diski mpya, sdc. Hamishia humo kumbukumbu zote, uzikague. Ile ya zamani, sdb, iguswe mwisho kabisa. Nikauliza, "Umenielewa?" Ukanijibu, "Mimi ni mwalimu, usinifundishe kusoma."

Halafu ukaruka hatua tano, ukaanza na sdb. Kompyuta yenyewe ilikuonya kwamba mna kitu humo, ikakuuliza kama ifute. Ukakubali! Picha ya kioo ninayo. Uliituma mwenyewe, ukijisifu kwamba kazi imekwisha.

Sasa sikia yaliyotokea Jumamosi, ulipokwenda semina Biharamulo. Nilimpigia mkeo. Wifi Yustina hajawahi kuigusa kompyuta hiyo ingawa iko sebuleni kwake, kwa sababu ulimkataza. Alinisomea kila herufi iliyotokea kwenye kioo, na asipoelewa alisema, "Ngoja kwanza wifi, sibonyezi." Neno hilo ndilo lililokushinda wewe. Ilituchukua siku nzima. Kumbe kilichofutwa ni alama ya mwanzo wa diski, si yaliyomo. Tukaitafuta nakala ya alama hiyo ndani zaidi, mashamba yakarudi yote. Wifi alipiga kigelegele hadi nikaondoa simu sikioni. Kisha tukazifuata hatua zangu saba, moja baada ya nyingine, na hakuna kilichoharibika.

Jumapili kikundi kinakutana. Simama useme ulichofanya, mama akiwa ameketi hapo anakusikia. Usiposema wewe, nitasema mimi, na sitachagua maneno.

Nisalimie mama, na shangazi wa Kibimba aliyenilipia sare za shule, na baba mdogo aliyehamishia ng'ombe wake Nyantakara. Wifi nimeshamsalimia.

Nywila ya kompyuta nimeibadilisha. Anayo mkeo. Ukitaka kufungua kitu, mwombe kwa adabu.

Ni mimi mdogo wako, bado nimekasirika,
Adelina