Bei ya Msumeno wa Genzo

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Msumeno umekufa. Saa tatu na nusu asubuhi, mteremkoni, katikati ya mwerezi wa nane. Ulikohoa, ukalia kama paka aliyekanyagwa, kisha kimya. Nilivuta kamba mara kumi na nne. Nilipoufungua nikakuta pistoni imekwanguka na kung'ang'ania silinda. Miaka kumi na saba pamoja! Na kosa ni langu – jana nilichanganya petroli na oili kwa kukadiria kwa jicho, mimi ninayepima hata joto la maji ya kuoga.

Imebaki mierezi ishirini na tatu. Ushirika wa misitu unaitaka yote chini ifikapo tarehe thelathini na moja, la sivyo mteremko huo anapewa mwingine mwakani. Msumeno mpya wa injini: yeni laki moja na elfu sitini. Nilicho nacho: elfu sabini na tano, kwenye kopo la chai. Mke wangu Masuyo anasema kopo lilikuwa na themanini. Sikujibu. Ndoa ya miaka thelathini hujengwa kwa majibu yasiyotolewa.

Jumatano, 4 Oktoba

Bi Tomie alikuja na bakuli la achari ya figili. Mumewe, Genzo, alifariki Agosti, tukauchoma mwili wake kama desturi. Alikaa saa nzima. Mvua. Magoti. Nguruwe mwitu waliochimba viazi vyake. Msumeno wangu – amesikia, bonde zima limesikia. Akaaga. Alipokwisha kuvaa viatu, mkono uko mlangoni, ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka mwavuli:

"Shige, ule msumeno wa Genzo umekaa tu. Watu wananiuliza. Wewe unavijua vyombo. Bei yake ya haki ingekuwa ngapi?"

Akatazama kule chini mtoni.

Mtoni anakaa mtu mmoja tu, Oguri – yule wa Osaka aliyenunua nyumba ya zamani akafungua mkahawa. Nikaelewa. Nikasema nitakuja kuukagua.

Msumeno wa Genzo! Miaka kumi na moja nimeutamani kuliko ninavyostahili kuandika. Lakini vya marehemu huviombi kabla ya dua ya siku ya arobaini na tisa. Hata kunguru hungoja. Sasa kumbe mtu wa mjini hakungoja.

Ijumaa, 6 Oktoba

Achari ya Bi Tomie mwaka huu inanuka kama soksi za marehemu. Nimekula nusu bakuli kwa heshima.

Ukaguzi, saa mbili asubuhi, barazani kwake.

Nimeushika kwa kamba ya kuwashia, nikauacha uning'inie. Ulishuka polepole, kwa mikupuo, kama mzee anayeingia maji ya moto. Maana yake mgandamizo wa injini upo. Nikafungua bomba la moshi, nikamulika tochi: pistoni inang'aa, hakuna hata mkwaruzo. Genzo alikuwa mlevi na mwongo kwenye uvuvi, lakini petroli aliimwaga kila baada ya kazi. Upanga unaobeba cheni umelika upande mmoja, utageuzwa. Gia ndogo inataka kubadilishwa, elfu tatu. Meno ya cheni yamebaki theluthi. Mpira mmoja wa mpini umepasuka.

Umewaka mvuto wa tatu. Bi Tomie alikuwa anamenya maharage. Akaacha kumenya mpaka nilipouzima.

Hesabu: mpya 160. Umri miaka kumi na mmoja. Toa hiki, toa kile, ongeza utunzaji. Elfu sabini. Nimeirudia mara mbili, sabini. Mtu akisema themanini ni mwizi, akisema hamsini ni mwizi pia.

Sikumtajia bado, kwa sababu Oguri alipanda akiwa na miguu yake ya korongo na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Akautazama msumeno. "Mzuri jamani! Huu ningeutundika ukutani, pale juu ya kahawa."

Kuutundika! Afadhali autie maua! Mtu huyu hajui mti una upande gani wa kuangukia, na kahawa yake ni maji ya kuoshea sufuria.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku ya arobaini na tisa ya Genzo. Mtawa alisoma dua haraka, ana nyumba tatu za kusomea leo. Ubani, kisha chakula, kisha Bi Tomie akagawa vitu vya marehemu vya ukumbusho. Fimbo ya kuvulia kwa huyu, saa kwa yule, chupa ndogo ya pombe kwa mtawa (tupu). Hata Oguri kapata kofia! Ana miezi minane hapa. Mimi niliyekata miti na Genzo miaka ishirini, niliyembeba mgongoni alipovunjika mguu, sikupata hata soksi.

Niliumia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Ndipo Bi Tomie akageuka mbele ya watu wote. "Shige, ulikagua. Bei ya haki ni ngapi?"

Sabini ilikuwa mdomoni. Nikamtazama Oguri na kofia yake. Nikawaza: anataka kutundika? Atundike kwa gharama. Akilipa, mjane amefaidi. Akishindwa utabaki, na baada ya mwezi nitajitokeza na sabini zangu kama mkombozi.

"Laki na ishirini," nikasema. "Haki kabisa. Chini ya hapo ni kumdharau marehemu."

Masuyo akanifinya paja hadi mfupa. Oguri aliendelea na uyoga wake. Bi Tomie akainamisha kichwa: "Kama Shige amesema, basi ndiyo hiyo."

Jumatatu, 9 Oktoba

Masuyo hakusema neno njia nzima jana. Leo asubuhi amesema yote.

"Mnunuzi ni wewe, kichwa cha gogo!"

Mimi? Nani kasema?

"Aseme nani? Msumeno wako umekufa Jumatatu, Jumatano mjane yuko mlangoni anauliza bei. Ulitaka akupigie ngoma? Akikwambia 'nunua' atakuwa amekubana. Kwa hiyo anakuuliza bei ya haki, ili wewe utaje unachokiweza. Ungesema sitini, yeye angesema hapana, hamsini inatosha, wewe ungesema basi hamsini na tano, mngeinamiana, tungenywa chai. Kila mtu mle ndani alikuwa anangoja. Hata mtawa!"

Na vitu vya ukumbusho?

"Hukupewa kitu kwa sababu chako ni ule msumeno. Kofia angekupa ya nini?"

Lakini alitazama mtoni!

"Alikuwa anaona haya. Ulitaka akutazame usoni? Umejipiga mnada mwenyewe, ukajipandishia na bei."

Nimezaliwa bonde hili. Miaka hamsini na tisa naongea hivi hivi, kwa kuzunguka. Nikihitaji ngazi ya jirani namwambia paa langu linavuja. Na nimeshindwa kuelewa swali la mlangoni! Wivu ni nta masikioni.

Niende nikaseme ni sabini? Atauliza kwa nini nilisema laki na ishirini. Jibu: nilitaka kumwibia mgeni wako, kwa mkono wako, siku ya dua ya mumeo, moshi wa ubani haujatoka chumbani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Siku tatu na msumeno wa kuazima wa ushirika. Takataka. Mierezi minne tu. Imebaki kumi na tisa.

Jioni Oguri alibisha hodi. Amekaa vibaya, magoti yanamfika kidevuni. Akazungumzia baridi, akazungumzia kuni. Anajifunza, mshenzi. Kisha: "Mzee Shige, samahani. Watu wameniambia ule msumeno ni wako. Lakini nimeona hujauchukua. Kama huutaki, ningetoa laki na thelathini."

Nikamuuliza kwa nini thelathini.

"Wewe fundi umesema laki na ishirini ni haki. Sitaki mjane aone nimempa haki kavukavu. Nikaongeza adabu kidogo." Akainama. "Bi Tomie amekataa kunijibu mpaka nikuulize wewe."

Ananiamini! Ndiyo adhabu yenyewe. Angekuwa mjanja ningelala vizuri.

Nikasema nitafikiri. Akaacha pakiti ya kahawa. Nimeionja. Si mbaya sana.

Nikinyamaza, mjane anapata laki na thelathini, paa lake linapata mabati kabla ya theluji, Oguri anapata pambo, wote wanafurahi, na mimi nabaki mtu mwenye neno la kuaminika. Mwongo mmoja tu, na wote wamefaidi isipokuwa yeye. Mbona basi tumbo linaniuma? Masuyo anasema ni achari.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika kwenye baraza la Bi Tomie. Saa nne na dakika kumi.

Nimekuja na kopo la chai na daftari hili, kwa sababu hesabu ya tarehe sita imo humu tu, sina ushahidi mwingine. Msumeno uko kati yetu juu ya gazeti. Kaufuta vumbi. Nimezunguka na mvua, nimezunguka na magoti, nikaishiwa na pa kuzungukia. Nikasema: bei niliyotaja si ya haki. Ya haki ni sabini. Niliiandika siku ileile niliyokagua, ninayo hapa.

Aliendelea kumenya maharage. "Tarehe sita ulijua sabini?"

Ndiyo.

"Na tarehe nane ukasema laki na ishirini."

Ndiyo.

"Nilidhani unanikataa," akasema. "Nilidhani umetaja bei ya mbali ili usiseme hapana. Nikawaza, kumbe Shige hata chombo cha Genzo hakitaki nyumbani kwake." Ganda likamdondoka, hakuliokota. "Basi nionyeshe hiyo hesabu."

Ameingia ndani kutafuta miwani. Nimefungua ukurasa. Ningeweza kuuchana, niko peke yangu. Lakini nikiuchana, hesabu nayo inaondoka.

Buti zinapanda ngazi za mawe. Oguri. Bi Tomie alimwita kwa chai bila kuniambia.

Anaita kutoka ndani: "Miwani siioni, Shige. Utanisomea wewe, kwa sauti. Oguri naye asikie, ni haki yake. Na usiruke kitu, nakujua!"

Oguri anavua viatu. Amevaa kofia ya Genzo. Ananitabasamia.

Tarehe sita inaanzia juu kabisa ya ukurasa. Mstari wa kwanza ni achari na soksi za marehemu.