Harufu Katika Nyumba ya Eda

Malindi, Jumatatu

Kwako Da Zakiya,

Shikamoo dada. Nataraji barua hii itakukuta salama hapo Kilifi, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepoa. Huku tu wazima kwa uwezo wake Mola, ingawa uzima wenyewe ndio huu nitakaokueleza. Usishangae kuletewa karatasi na Kahonzi, muuza maziwa wetu, zama hizi za simu. Kwa simu ningelia tu, nawe ungekuja juu kabla sijamaliza, nakujua.

Eda naikaa kama inavyotakiwa. Sitoki, sijipaki manukato, wala sifukizi udi. Mama mkwe wangu, Bi. Wafa, ananitunza kama yai, Mungu amlipe. Wanawake wanaokuja kunitazama huniona nimekonda, nasinzia hata nikizungumzishwa, wakasema mapenzi ya marehemu Ayman yamenikausha. Nikisifiwa hivyo natamani ardhi inimeze.

Habari mbaya ni ya Hilal, mdogo wake marehemu. Wajua hana kazi tangu hoteli yao ilipofungwa. Mwezi uliopita Bi. Wafa alianza kusikia harufu ya moshi ukumbini, si sigara si ubani. Akasema mjane hafukizi kitu, basi ni Hilal tu. Wiki hiyo hiyo akaja Everlyne, mhudumu wa afya, kuwazungumzia kina mama wa mtaa juu ya unga, hii heroini inayomaliza watu. Nilimsikiliza nyuma ya pazia. Alisema walio hatarini zaidi ni vijana wa kiume, wasio na kazi, walioacha shule, waliolelewa na mzazi mmoja. Kila alilotaja lilikuwa la Hilal. Akaendelea kusema wanawake nao wamo, ila hufichwa ndani, na wengi hufunzwa na waume zao. Lakini hapo kina mama walikwisha kugeuka kumpa pole Bi. Wafa.

Wakamnywesha Hilal kombe, maji yaliyooshewa aya, akanywa lote. Juzi ami yake, Mahmood, akampekua mlangoni akamkuta na kete ya unga mfukoni. Walimpiga, dada. Akaulizwa ameitoa wapi na ni ya nani, hakujibu. Sasa wamemfungia stoo, na Ijumaa baada ya sala watampeleka Magarini, kwa mtu anayewafunga mateja kwa mnyororo mpaka waache. Yasemekana kuna kijana aliyetolewa kwake maiti.

Kete ile ilikuwa yangu.

Ayman alikuwa akivuta. Mimba yetu ilipoharibika nikawa silali, akaniambia nionje kidogo nitapumzika, nikaonja. Mliambiwa amekufa kwa moyo. Amekufa kwa unga. Alipozikwa nikabaki na arosto, ule ugonjwa wa kuukosa unga, ndani ya chumba nisichoweza kutoka. Hilal alinikuta sakafuni natetemeka, akataka kumwita mamake, nikamshika miguu. Akawa ananiletea nisife, na kila akileta hunisihi niende hospitali. Yeye mwenyewe hajauonja maishani mwake.

Naona haya, na ninaogopa sana. Hata barua hii nimeiandika baada ya kuvuta kilichobaki, maana bila hicho nisingeweza kushika kalamu.

Njoo Alhamisi. Bi. Wafa atadhani umekuja kunitazama tu. Nataka ukae kando yangu nikimwambia, kisha unipeleke hospitali wanakotoa dawa ya kuachia. Eda haimzuii mgonjwa kutibiwa. Ukichelewa nitasema peke yangu kabla ya sala, hata kama ni kwa kutambaa.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama usimwambie bado. Stoo imepakana na chumba changu. Asubuhi hii Hilal aligonga ukuta, akaniuliza kama nimekula.

Mimi mdogo wako,
Zeina