Karama Isiyomtaja Baba

Jumatatu, 17 Novemba

Maji ya mfereji hayajaja. Nimenunua ya mkokoteni, nimechemsha chai, nimekaa na kitabu. Ni historia ya walowezi wa Kiingereza kule Amerika, jinsi walivyogombana kama wajitenge na Mfalme wao au wabaki naye. Nilikipata kwa muuzaji anayetandaza vitabu chini pale stejini. Kurasa za mwisho zimeng'oka. Sizihitaji, mwisho wake kila mtu anaujua. Ninachosoma ni katikati: meza moja, baba upande wa Mfalme, mwana upande wa uhuru, chakula kinapoa.

Ingeweza kuwa Kambi Muru, kijiji chetu kule Kibera.

Sisi pia tuliletwa na Mfalme. Babu alitoka Sudan akiwa askari, akapewa kipande cha msitu wa Kibera akifyeke, akifanye kwao. Watu hudhani uhuru uliamuliwa na Mzungu na Mwafrika tu. Husahau kwamba kulikuwa na sisi, tuliokuwa katikati, na kwamba tuligawanyika nyumba kwa nyumba.

Hapa Kawangware kuna kelele kutwa. Leo hakuna aliyeniita kwa jina.

Alhamisi, 20 Novemba

Zuhura amepiga simu. Ni mjukuu wa binamu yangu Yusuf. Karama ya baba yake Yusuf, dua na chakula cha kuwakumbuka marehemu, itakuwa tarehe kumi na mbili mwezi ujao kwa kuwa ni sikukuu na watu hawaendi kazini. Nimealikwa kama kila mwaka. Kama kila mwaka nitakaa na wanawake, nitakula, majina ya wafu wetu yatasomwa, na la baba yangu halitakuwemo.

Zamani haikunisumbua. Nyumba ya baba nayo ilikuwa na karama yake, na huko hatukumtaja baba mdogo, babake Yusuf. Tulikuwa sawa. Halafu nyumba yetu ikavunjwa kupisha barabara. Kaka zangu wamekufa. Mimi nimeishia chumba hiki. Hakuna tena nyumba inayomsomea baba. Nimebaki mimi, mwenye miaka sabini na mitatu na kifua kibovu.

Nataka asomwe. Naandika hivyo ili nisijifanye nataka kitu kingine.

Jumatano, 26 Novemba

Nimekwenda Kibera. Yusuf alikuwa nje kwenye kiti chake cha plastiki, mbele ya vyumba anavyopangisha. Macho yake yameingia ukungu. Ulimi haujaingia chochote.

"Karibu, binti wa Mfalme," akasema. "Kwini hajambo?"

Utani wa miaka sitini. Ni kweli, mwaka ule wa uhuru mtawala alikuwa Kwini. Baba aliendelea kusema Mfalme mpaka anakufa, kwa sababu ndiye aliyemlia kiapo.

Nimemwambia shida yangu. Akaacha utani.

"Babako alimfungia babangu mlango siku ya uhuru. Mimi nilikuwa pale nje, Mariamu. Nimeshika bendera. Simama mbele ya watu, useme alikosea. Sheikh atamsoma saa hiyo hiyo."

Zuhura alikuwa anamenya viazi. "Babu, si hiyo story ni ya kitambo, bana. Huyo King mwenyewe alishadedi."

"Menya viazi."

"Si namenya. Lakini mkienda nyinyi wawili, nani atawasoma? Mimi sijui hata majina."

Nimerudi kwa miguu mpaka Ngong Road. Hasira tupu.

Jumapili, 30 Novemba

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Niliwafundisha watoto wa watu historia muda mrefu, sioni kwa nini nisiweze kwa baba yangu.

Baba alisema: waliotuleta hapa ndio wanaoijua ahadi ya ardhi. Wakiondoka, tutamwuliza nani? Baba mdogo alisema: ahadi ya mtu anayekutawala si ahadi, ni amri yenye sukari. Walisema hivyo kila jioni juu ya sinia moja, wakila, mpaka mama akachoka kuwaambia watafune kwanza. Baba alikuwa na nishani za vita. Mdogo wake alikuwa na kadi ya chama kwenye mfuko wa shati. Walipendana. Hilo Yusuf halisemi kamwe.

Nani alikuwa na haki? Baba aliogopa kwamba tutaachwa, na tuliachwa. Baba mdogo alicheza ngoma ya uhuru barabarani, kisha akazeeka kwenye foleni ya kitambulisho akiulizwa babu yake alitoka wapi. Na hao wa Amerika waliobaki na Mfalme? Kitabu kinasema walipandishwa meli, wakapewa ardhi kwingine. Baba hakuletewa hata mkokoteni.

Siwezi kusimama niseme alikosea. Si kiburi. Si kweli, basi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Matope mpaka mlangoni. Mama wa mboga wa jirani hakufungua, kwa hiyo leo sijazungumza na mtu ana kwa ana.

Zuhura amepiga simu jioni, kwa kunong'ona. Anasema nisimchukulie babu yake vibaya. Kwao wamekua wakiambiwa kwamba alfajiri ya siku ile ya uhuru maofisa wa Kizungu walikuwa ndani kwetu. Kwamba walimpa baba karatasi ya kiwanja, kwa sharti amkane ndugu yake. Ndiyo sababu mlango ulifungwa. "Hivyo ndivyo tunajua sisi, shosh. Ati mliificha hiyo karatasi."

Nilicheka peke yangu chumbani. Karatasi! Trekta lilipofika kubomoa, tulisimama nje mikono mitupu. Tungekuwa na karatasi ningekuwa naandika haya Kambi Muru.

Halafu kicheko kikaisha. Yusuf alikuwa nje ya mlango ule. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na niliona kila kitu. Mama alijua, kaka zangu walijua. Hatukusema nje. Baba alituomba.

Jumatatu, 8 Desemba

Kilichokuwa nyuma ya mlango hakikuwa karatasi. Ilikuwa aibu ya baba.

Nikiisema, atasomwa. Nikiisema, wataiona. Alichotuomba maisha yake yote ni hicho kimoja, isionekane.

Wafu wanataka nini? Baba angechagua kutosomwa. Namjua. Lakini aliyebaki na kimya hiki si yeye, ni mimi.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimepiga pasi gurbaba ya mama, vazi la sherehe la wanawake wetu. Bado sijui.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimesema.

Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa. Wanaume uani chini ya turubai, wanawake upande wa jikoni. Sheikh alikuwa bado hajaanza majina. Yusuf akainua mkono, akasema binti wa kaka wa marehemu ana neno. Alidhani nimekuja kukiri. Nyuso zote zikageuka. Nikasimama kama siku ya kwanza darasani.

Nikawaambia. Kwamba baba alikuwa ameahidiwa na ofisa wake wa zamani kuwa kabla bendera haijashuka, mtu angekuja Kambi Muru na jibu kuhusu ardhi. Kwamba asubuhi ya siku ya mwisho alivaa sare yake yote na nishani, akakaa barazani. Saa sita hakula. Magari yalipita yakielekea mjini. Watoto wakaanza kumchungulia, na watu wazima wakaacha kupita karibu. Giza lilipoingia akahamishia kiti ndani, akakielekeza mlangoni. Akaendelea kungoja. Mjini bendera ikashushwa, nyingine ikapandishwa, tukasikia shangwe. Yeye kitini.

"Muongo," Yusuf akasema. "Maofisa walikuwa ndani."

"Hakuna aliyekuja, kaka Yusuf."

"Tulibisha hodi!"

"Mlibisha. Mlikuwa mnaimba. Mama alishika komeo afungue. Baba akasema, asinione hivi."

Nilirudia, kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Asinione hivi. Mdogo wake asimwone, yeye kaka mkubwa, bado kwenye sare ya watu waliokwisha kuondoka. Ndipo akapaza sauti ile waliyoisikia nje: nenda kwa wenzako. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla, wala baadaye.

Sikusema alikosea. Sikusema alikuwa na haki.

Yusuf aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Mtoto mmoja akaomba soda, akanyamazishwa. Mwishowe Yusuf akamgeukia sheikh, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai: "Anza na kaka mkubwa. Abdalla."

Likasomwa. Jina moja, pumzi moja, na sheikh akaendelea na mengine. Nilikuwa nimelingoja miaka yote hii, na lilikuwa fupi kiasi hicho.

Jumamosi, 13 Desemba

Sina furaha niliyoitarajia.

Jana walinizunguka wote. Wanawake walinishika mikono, wakaniwekea nyama iliyo bora. "Maskini babu wa watu," walisema. Maskini. Baba hajawahi kuitwa maskini. Kwa nyumba ile alikuwa msaliti, lakini msaliti ni mtu mzito, mtu anayechukiwa kwa miaka. Sasa wamempokea, na waliyempokea ni mzee aliyeketi akingoja gari.

Zuhura alinisindikiza mpaka stejini. Anasema ameyaandika majina kwenye simu, asisahau. Alikuwa na machozi. "Yaani hao wasee walimwacha hivyo tu?" Ndiyo, hivyo tu. Aliuliza na ndugu yake je, kwa nini hakurudi kubisha tena siku nyingine. Waliishi hatua chache tu, wakazeeka, wakafa.

Nimeikunja gurbaba. Nimeitoa siri ya baba nikalipwa. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Ningefanya tena.

Jumatatu, 15 Desemba

Jua. Nimefua, nimeanika, nimekaa mlangoni kulinda nguo.

Baada ya alasiri simu imelia. Yusuf mwenyewe. Hanipigii kamwe, humtuma Zuhura. Hakusalimu.

"Mariamu. Ile sare. Aliivua lini?"

Nimemwambia hakuivua usiku ule. Alilala nayo kitini, na viatu vyake. Kulipokucha mama alimfungua kamba moja moja, na miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kusimama.

Nilisikia kuku wa kwao, na mpangaji akiburuta ndoo. Nilidhani simu imekatika, nikaitazama. Ilikuwa bado inahesabu dakika. Nikairudisha sikioni, nikasikia anapumua. Sikumwuliza anataka nini. Nguo zilikuwa zinapigwa na upepo kambani, zimeshakauka. Sikuinuka kuzianua.