Sahani Zilizotakiwa Kubaki Tupu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: nimemdanganya mama mdogo, na sasa uongo wangu anakwenda kuusema mbele ya wataalamu wenzake.

Nimemaliza shule mwaka huu, na mama mdogo, ambaye ni mtafiti wa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, alinichukua nimsaidie maabara, naosha vyombo, nabandika lebo, na yeye anachunguza udongo wa jangwa la chumvi ambako hakuoti hata jani, kwa sababu anasema unafanana na wa sayari ya Mirihi, na kama kitu kinaweza kuishi pale basi tusikate tamaa, huenda hata huko juu kuna uhai. Udongo tunaugawa, nusu unawekwa ulivyo kwenye sahani ndogo za kuoteshea viumbe, nusu unachomwa kwanza kwenye tanuri ili chochote kilichomo kife, na sahani za huo uliochomwa lazima zibaki tupu, maana zikiota nazo basi huenda uhai ule haukutoka jangwani bali kwetu, kwenye maji au mikono au hewa ya chumba. Za udongo mbichi anaziangalia mwenyewe kwa darubini. Za uliochomwa aliniachia mimi, na kila asubuhi akivaa koti huniuliza bila kugeuka, "Tupu?" nami hujibu, "Tupu, mama."

Zilipoota mara ya kwanza nilimwambia, akasema, "Mikono hiyo, mwanangu. Au umezipumulia. Tupa, tuanze upya," na fundi wa mashine, tunayemwita Mjomba Waya, akasema, "Huyu akipelekwa Mirihi, Mirihi nzima itapata mafua," wakacheka, na mimi nikacheka huku macho yananiwasha. Tukarudia, nikavaa barakoa mbili, nikabana pumzi, na bado vidoa vyeupe vikatokea, sawasawa na vya sahani zake, na aliponiuliza nikasema tupu. Nilizifunga kwenye mfuko nikazisukuma ndani ya friji ya maabara, nyuma kabisa. Sasa ameandika hotuba, anaimba akipiga pasi gauni lake, na mama yangu mzazi anasema hajamwona mdogo wake hivyo tangu afiwe na mumewe. Nikisema nitamvunja moyo, nisiposema silali, na labda ni mikono yangu tu. Nifanye nini? Nakuomba wewe na yeyote atakayesoma, msimwambie mtu, hili libaki kati yetu.

Mwenye Haya

*

Binti yangu, nimeondoa kila kinachoweza kukutambulisha, kwa hiyo shusha pumzi. Lakini sitakusaidia kuificha siri hii. Ni mali ya mama yako mdogo, nawe umemnyima.

Walikosea kukucheka. Anayechekwa akileta habari mbaya hujifunza kuleta nzuri tu, hata kama hazipo. Hilo ni lao. Lako ni hili: hukuulizwa kama mikono yako ni safi, uliulizwa sahani zina nini. Kwa woga wako mtu mzima anapanda jukwaani akiwa amefungwa macho. Unasema hutaki kumvunja moyo? Wenzake watalirudia jaribio lake, na sahani zao hazitamwonea haya. Afadhali aumie nyumbani, mbele ya mtoto anayempenda.

Mimi si mtafiti. Huenda ni mikono yako, huenda tanuri halifikii joto linalotakiwa, huenda udongoni mna kitu kigumu kuliko moto. Wewe pia hujui, na kwa kuficha umehakikisha hata anayeweza kujua hajui.

Mwambie leo akirudi kutoka kazini, mkiwa wawili tu, Mjomba Waya asiwepo. Usianze na machozi. Sema: "Mama, zile sahani hazikuwa tupu. Nilikudanganya. Ziko ndani ya friji ya maabara, nyuma kabisa." Basi. Hotuba aiahirishe au aibadilishe, huo ni uamuzi wake, usimpangie. Atakasirika. Utatamani kwenda kuosha vyombo. Usitoke. Kaa palepale mpaka aulize swali lake la kwanza, kisha mjibu ulichokiona.