Mama Alipopanda Mlimani Asubuhi

Pano Lagada,
Krete.
19 Agosti 1988

Mpendwa mdogo wangu Sifis,

U hali gani huko Melbourne? Mkeo na watoto hawajambo? Najua kwenu sasa ni baridi, basi funika kifua. Sisi tunapumua. Magoti yananisumbua, na sikufichi, nimechoka mpaka usingizi wenyewe haunipati.

Sikukuu ya Bikira Maria ilipita salama. Shemeji yako Stratis alichoma mbuzi, tukakuwekea sahani yako mezani, maana Mama hakubali tule bila hiyo.

Sasa habari ya Mama. Jumanne niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikamwona anashuka kutoka kwenye vichaka vya ladani, reki yake ya kukusanyia utomvu begani, umande haujakauka. Asubuhi, Sifis, kabla jua halijalainisha utomvu! Mama huyu huyu aliyetucheka tulipotafuta kivuli saa sita: "Kichaka hakitoi jasho mpaka utoe lako kwanza." Mikanda ya ngozi ya ile reki ilikuwa mikavu, haina hata chembe ya utomvu. Akaketi kizingitini, akaikwangua kwa kisu kama kawaida yake, anakwangua hewa. Nilipomwomba apumzike, akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Stratis anasema ni uzee tu. Yeye hafungi mlango kwa komeo kila jioni kama anayefungia mbuzi mtoro. Nafunga mimi, kisha nalia jikoni. Na wewe kila mwaka unaandika "mwakani." Mwakani huenda utamkuta, lakini yeye asikukute wewe.

Jana jua lilipokuwa kali, upepo umetulia, nilipanda mwenyewe. Nikavichapa vile vichaka kwa reki mpaka mikanda ikawa myeusi kwa utomvu, nikakwangua donge, nikamwekea Mama kiganjani. Akanusa kwa muda mrefu. Kisha akanitazama, akanitambua.

"Argiro," akasema, "Sifis keshashuka mlimani? Mpe maji kwanza, ndo ale."

Nikamjibu uko njiani.

Shangazi Garifalia anakusalimu, na Stratis pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Bikira Maria akutangulie safarini, mdogo wangu, maana nimeshamwambia Mama unakuja, na sina nguvu ya kumdanganya mara ya pili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Argiro