Taa Mbili za Bakari

Mtani wangu Bakari,

Jogoo wa mkeo amefungwa kwenye mguu wa kitanda changu, na tangu alfajiri hanipi nafasi ya kuandika. Nitakueleza amefikaje hapa. Kwanza nikusalimu, ingawa sisi Wamakonde hatujui maiti wa Kiyao anasalimiwaje. Pengine kwa kupigiwa kelele, maana mkiwa hai hamsikii.

Siku ya maziko yako nilitimiza utani wangu. Jeneza lilipotoka nililala mlangoni, nikasema huyu haendi popote, bado ana kazi yangu. Kisha nikaingia kwenye banda lako la ufundi nikateka kile ulichokipenda kuliko sisi wote: zile taa mbili nyembamba za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya, jozi uliyoipata kwa baharia bandarini kwa kiroba cha korosho ukaitunza ndani ya kopo la maziwa. Nikatangaza kwamba siziachii mpaka uje mwenyewe kuzidai. Watu wakacheka huku wanalia. Wafiwa walitakiwa wakomboe mateka kwa chochote, hata kuku, lakini mkeo hakuleta kitu, wala sikumdai. Nikaliweka kopo chini ya kitanda. Siku nyingine nilikuwa nalifungua, nazitazama, nalia. Hapo sina utani, Bakari.

Baadaye taa zilizokuwa kwenye amplifaya ya bendi zikafa. Katibu wetu, Ndugu Likapa, alikwenda Dar es Salaam akarudi na jozi nyingine, taa nene zenye mabega. Alifurahi kama aliyeoa. Alisema hizi zina nguvu, na Jumapili wageni wa mkoa watakuja kuchagua bendi ya kwenda kupiga kwenye sherehe za taifa, kwa hiyo tunataka sauti kubwa. Nilimwambia taa nene inafaa besi, gitaa langu la solo litaniharibikia. Wewe ulikuwa ukisema, "Taa nene ni karani, inasoma kilichoandikwa. Nyembamba ina moyo, ukiibana kidogo tu inalia." Nikamwambia pia kwamba taa hunywa umeme hata gitaa likiwa kimya, kila aina ina kipimo chake, na amplifaya yetu ulikuwa umeipimia nyembamba. Akanijibu kwamba tundu ni lilelile na zimeingia, basi. Halafu akaniambia niache ubinafsi wa sauti yangu. Ubinafsi, mtani! Kama vile solo ni shamba nililojimegea.

Jumapili mchana ukumbi wetu ulijaa. Wageni walikaa mbele. Nilipopiga wimbo wa kwanza sauti ilitoka kubwa kweli, safi, kavu. Noti inakwenda hadi ukutani, inarudi ilivyokwenda. Wageni wakatikisa miguu, Likapa akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nami nikaanza kuona haya kwa maneno yangu.

Kwenye wimbo wa pili nikasikia harufu. Nikageuza shingo, nikatazama kupitia wavu wa nyuma. Si ule mwanga wa kawaida wa taa, Bakari. Bati lenyewe lililo ndani ya kioo cha taa lilikuwa limeanza kuwa jekundu, doa dogo kwanza, kisha likapanuka. Uliwahi kunionyesha hilo mara moja, ukaniambia, "Ukiona hivi, zima. Usimalize hata ubeti." Nikamtazama Likapa. Akanipungia mkono niendelee.

Nikaendelea. Nakwambia ukweli, niliendelea, jasho linanitoka. Transfoma ikiungua tutapata wapi nyingine, na sabuni yenyewe tunaipangia foleni duka la ushirika? Nikipiga naiua amplifaya, na bendi imekwisha. Nikizima naiua safari ya wenzangu mbele ya wageni. Wekundu ukafika pembeni mwa bati. Nikazima katikati ya ubeti.

Ukumbi ukaanza kupiga miluzi. Likapa akapanda jukwaani akaniambia taratibu, "Ndugu Kaspari, umetuaibisha sote." Kopo lako lilikuwa kwenye mfuko wa gitaa. Nilikuwa nimelibeba nikiwa na wasiwasi tu, si kwa kulitumia, maana mateka hatumiki kabla ya kukombolewa, na hizo ndizo za mwisho tulizo nazo. Nikivunja moja, hakuna tena sauti yako duniani.

Nilizichomoa zile nene kwa kitambaa cha shati, na bado zikaniunguza vidole. Nikagusa transfoma, ilikuwa ya moto lakini nzima. Nikachomeka zako. Kipimo sikukigusa, kilikuwa vilevile ulivyokiacha. Nikawasha, nikasubiri zipate moto kama ulivyonifunza, huku watu wananizomea na mgeni mmoja amekwisha simama kutafuta mlango.

Nikaanza wimbo uleule upya. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Lakini nilipoubana uzi wa pili, ikalia. Mtani, ililia. Yule mgeni akarudi kukaa.

Tulikuwa hatujamaliza ndipo shemeji yako, mdogo wa mkeo, alipoingia na jogoo kwapani, akapita mbele ya wageni wote hadi jukwaani. Unajua mkeo yuko eda, hatoki, na nyumba yenu iko nyuma ya ukumbi. Binti akasema, "Dada alikuwa kakaa ndani, anasikia makelele ya bendi asiyoijua. Mara akamsikia mumewe. Huyu jogoo ni wa kukomboa mateka. Ila kasema mateka wenyewe wasirudi nyumbani, wabaki hapohapo kazini kwao."

Nikampokea jogoo, tukaumalizia wimbo.

Wageni waliondoka bila kusema wamemchagua nani. Likapa hanisalimii, na huenda bendi ikanitoa. Taa zako nazo zinazeeka kila wimbo, nalijua hilo ninapowasha. Jogoo nitamla leo, na paja lako nitakulia.

Lala, Myao. Sitaweka taa nyingine pale bila kuipimia kwanza, hata katibu akinuna mwaka mzima. Nilisema siziachii mpaka uje mwenyewe kuzidai. Najua huji. Siku taa zitakapozimika nitazirudisha kwenye kopo lao, na nitakuja mimi kaburini kukuletea.

Mtani wako,
Kaspari