Nyumba ya Mama Haijauzwa Bado

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo huko? Wifi na mapacha wazima? Sisi huku tu wazima wa mwili, ila roho yangu haitulii hata dakika. Nimeshainuka mara tatu kuchungulia dirishani, na barua yenyewe ndiyo kwanza naianza.

Nilikuandikia kwamba nyumba imeuzwa. Nilikosea, nisamehe. Mnunuzi alipotia saini nikaona yamekwisha: nikafunga vyombo kwenye maboksi, nikagawa kitanda cha Mama, nikawaaga majirani. Mlioniita Kiherehere hamkunionea. Sasa Mama analala kwenye godoro sakafuni.

Kumbe mkataba una masharti, Kaka! Wakili alinieleza polepole kama anayefundisha mtoto kusoma. Mnunuzi anaweza kujitoa na kurudishiwa arubuni yake endapo fundi atakuta ubovu, endapo benki itamnyima mkopo, au endapo nyumba anayokaa sasa haitapata mteja. Moja tu likitokea, anaenda zake na hatuna la kumfanya.

Fundi alipanda darini, akakuta bati linavuja juu ya jiko. Tumeliziba. Benki nayo imekubali. Lakini nyumba yake haijanunuliwa, na mwisho ni tarehe thelathini mwezi huu. Anaomba aongezewe miezi miwili. Jamani, miezi miwili kwenye maboksi! Simu ikilia nashtuka, isipolia nashtuka zaidi.

Jana wakili alimletea Mama karatasi ya kuongeza muda, maana nyumba ni yake na saini ni yake. Mama akauliza, "Masharti ni ya mnunuzi tu, au hata muuzaji anaruhusiwa?" Wakili akasema anaruhusiwa, mradi yaandikwe na mwenzake akubali. Mama akavaa miwani. "Basi andika. Sikabidhi ufunguo mpaka mwanangu wa kwanza aje alale humu, walau usiku mmoja."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Miaka tisa hujaja, Kaka.

Leo asubuhi mnunuzi amekubali.

Mjomba mshona viatu anakusalimu sana. Nawe nisalimie Wifi, uwabusu mapacha. Mola awalinde na kuwafungulia njia.

Wakili ameacha nafasi tupu ya kujaza tarehe, na Mama ameshika kalamu. Sikuulizi kama utakuja. Nipe tarehe tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiherehere